Maswali ya Wasomaji: Baraza la Chuma Kwenye Hewa ya Chumvi

Barua za msimu huu nyingi zimetoka pwani, na karibu zote zinauliza jambo moja kwa maneno tofauti: kwa nini chuma kilichopakwa rangi vizuri kinaoza mapema hivi? Jibu la msingi tunalitoa hapa mwanzoni ili tusilirudie kila mara. Chuma huliwa pale kisipokauka. Chumvi inayobebwa na upepo wa bahari hufyonza unyevu hewani hata siku isiyo na mvua, kwa hiyo kila mahali inapojikusanya bila kuoshwa hubaki na majimaji mchana na usiku. Ndiyo maana upande wa chini wa sakafu, usioguswa na mvua, mara nyingi huharibika kabla ya upande wa juu unaopigwa na masika yote.

Nyumba yangu ipo mwendo wa dakika tatu kutoka ufuoni. Nataka baraza la kuinuka, mita 4 kwa 3, kimo cha sentimita 90 kutoka ardhini, la kukalia wageni. Mbao sizitaki tena, mchwa wamenimaliza. Fundi mmoja ananiambia chuma kitupu, mwingine ananiambia alumini tupu. Nimsikilize yupi?
*Msomaji, Mtwapa*

Kila mmoja ana nusu ya jibu. Fremu iwe ya chuma kilichozamishwa kwenye zinki, na sakafu ya juu iwe ya mabapa ya alumini. Fremu ya alumini yenye nguvu ya kutosha itakugharimu sana, na kuichomelea kunahitaji fundi aliyeizoea kazi hiyo hasa. Sakafu ya bati nene la maua nayo, pamoja na uzito wake (lile la milimita 4.5 linafika karibu kilo 38 kwa mita ya mraba), hushika maji kwenye viungo na kuanza kutoboka kutokea chini.

Zinki ya aina gani? Hapa ndipo watu wanapotapeliwa bila kujua. Bomba linalouzwa dukani likiwa tayari linang'aa limetengenezwa kwa bati lililopakwa zinki kiwandani, na hata lile zuri la daraja la Z275 lina mikroni 20 tu (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita) kila upande. Chuma kilichokatwa, kikachomelewa, kisha kikazamishwa chote kwenye zinki iliyoyeyuka hupata zaidi. Kwa kiwango cha ISO 1461, wastani usipungue mikroni 55 kwa chuma cha unene wa milimita 1.5 hadi 3, mikroni 70 kwa kilichozidi 3 hadi 6, na mikroni 85 kwa kilichozidi 6. Kwa hiyo ukipunguza unene wa chuma ili kuokoa fedha unapunguza na zinki vilevile.

Nyumba iliyo wazi kwa upepo wa bahari kama yako tunaihesabu katika daraja la C5 la ISO 9223 (kiwango cha kimataifa kinachopanga ukali wa hewa kwa vyuma), ambamo zinki hupungua mikroni 4.2 hadi 8.4 kwa mwaka. Mikroni 70 zitakupa miaka 8 hadi 16. Ukipaka na rangi inayofaa juu ya zinki, viwili hivyo hulindana, na umri wake hupita jumla ya miaka ya kila kimoja peke yake.

Vipimo sasa. Tumechukua uzito wa kilo 400 kwa kila mita ya mraba, kwa sababu wageni wakijaa wanajaa kweli. Tumia chaneli ya U ya milimita 100 kwa 50, yenye uzito wa karibu kilo 10.6 kwa mita. Tunaipendelea kuliko bomba kwa kuwa haina tumbo: kila upande unaonekana, unaoshwa, unapakwa. Mihimili miwili ya mita 4 inakaa juu ya nguzo sita, tatu kila upande, ili nafasi kati ya nguzo na nguzo iwe mita 2. Juu ya mihimili hiyo laza boriti tisa za mita 3, kila moja milimita 500 kutoka kwa mwenzake, katikati hadi katikati. Jumla utahitaji chaneli saba za mita 6: mbili za mihimili na tano za boriti. Nguzo ni za bomba la mraba la 80 kwa 80, unene wa milimita 4, na zote sita zinatoka kwenye bomba moja la mita 6.

Kazi yote ya kuchomelea iishie karakanani, kabla ya zinki. Kila nguzo iwe na kitako cha 200 kwa 200 kwa milimita 10 na kichwa cha 150 kwa 150, vyote vyenye matundu ya bolti. Mkumbushe fundi atoboe matundu ya milimita 10 juu na chini ya kila bomba kabla ya kulipeleka kuzamishwa. Bomba lililozibwa likiingia kwenye zinki yenye joto la nyuzi 450, hewa na unyevu uliomo ndani hutanuka na linaweza kupasuka na kujeruhi watu. Baada ya hapo, kule nyumbani, fremu inafungwa kwa bolti za M12 (kipenyo cha milimita 12) tu. Asije mtu na mashine ya kuchomelea.

Misingi ya nguzo ichimbwe sentimita 60, upana 40 kwa 40, zege la uwiano wa 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto), na kichwa cha zege kitokeze angalau sentimita 15 juu ya ardhi. Nguzo isizikwe kamwe kwenye udongo wala isizamishwe ndani ya zege, maana pale chuma kinapotokea kwenye zege ndipo kinapokatika. Mchanga wa ufuoni usitumike, wala maji ya kisima chenye chumvi, hata kama jirani yako alijengea hayo hayo. Chumvi iliyomo ndani ya zege hula bolti zako kutokea huko huko ndani. Chini ya kitako acha nafasi ya milimita 25, ijaze saruji kavukavu iliyoshindiliwa, na kingo uziinamishe nje ili maji yasituame.

Baraza lote liiname milimita 10 kwa kila mita, kuelekea mbali na nyumba. Kwa mita 3 zako hiyo ni milimita 30, na mguu hauihisi.

Kwa sakafu, mabapa 19 ya upana wa milimita 150, yakiachiwa nafasi ya milimita 8, yanakupa milimita 2,994. Omba alumini ya aloi ya 6063, iliyotiwa utando wa anodi wa mikroni 25 au rangi ya unga ya kiwandani. Kati ya bapa na boriti laza ukanda wa raba ya EPDM. Bolti ni za M6 za chuma kisichoshika kutu cha daraja la A4, mbili kwa kila makutano: 9 mara 19 mara 2 ni 342, basi nunua 360. Nati zipakwe grisi ya kuzuia kung'ang'ania, kwa sababu chuma hicho kikikazwa kikavu huumana, na bolti itakatika kabla ya kufunguka.

Na hili msilisahau: alumini hutanuka mara mbili ya chuma. Bapa la mita 4 likipata tofauti ya nyuzi 40 kati ya alfajiri na saa nane mchana huongezeka karibu milimita 4. Lifunge kwa tundu la kukaza kwenye boriti ya tano tu, ya katikati. Boriti nyingine zote zipate tundu refu la milimita 7 kwa 14, na bolti ikazwe kiasi cha kushika bila kubana. Matundu ya boriti ukiyatoboa baada ya zinki, kila moja lipakwe rangi ya zinki kabla ya bolti kuingia.

Kwa kimo cha sentimita 90 usiache kuweka kizuizi: urefu wa mita 1.1, na nafasi kati ya fito isizidi milimita 100, ili kichwa cha mtoto kisipite.

Ngazi na baraza letu vina mwaka mmoja tu na miezi. Kila mahali fundi alipochomelea panatoa machozi ya kutu, ingawa alipaka rangi ya silva. Mabomba yenyewe bado yanang'aa. Tubomoe?
*Msomaji, Tanga*

Msibomoe bado. Moto wa kuchomelea huunguza zinki: inayeyuka kwenye nyuzi 420 na kugeuka mvuke kwenye 907, wakati chuma chenyewe kinahitaji karibu 1,500. Kwa hiyo kandokando ya kila mshono mmebaki na chuma kitupu. Rangi ya silva inang'aa kama zinki lakini ni ya alumini. Inapendeza macho tu, hailindi mshono.

Anzeni kwa kupima hali. Gongeni bomba kwa nyundo ndogo, hasa sehemu za chini. Sauti ikibadilika kutoka mlio hadi kishindo kizito, au bisibisi ikazama, kipande hicho kikatwe na kubadilishwa. Kisha toboeni tundu la milimita 10 mahali pa chini kabisa pa kila bomba. Yakitoka maji ya kahawia, hilo bomba limekuwa likiliwa na chumvi kutokea ndani, na tundu hilo libaki wazi daima.

Mishono iliyo mizima mnaitengeneza hivi. Osheni kwanza kwa maji baridi na sabuni, kabla ya msasa. Mafundi wengi huanza na grinda, na grinda huisukumia chumvi ndani ya vishimo vya kutu, kisha rangi inafura baada ya wiki chache. Pakikauka, piga grinda hadi chuma king'ae, na upitilize milimita 25 kila upande wa mshono. Osha tena, kausha, na upake rangi ya zinki siku hiyo hiyo, ndani ya saa nne, maana usiku mmoja wa Tanga unatosha kurudisha kutu nyembamba. Someni kopo: zinki iwe angalau asilimia 80 ya uzito wa rangi iliyokauka. Pakeni kwa brashi mikono miwili au mitatu hadi mikroni 100. Ya kupuliza kutoka kwenye kikopo ni nyembamba mno.

Tazameni pia mishono ya "pointi pointi", ile ya kushikiza hapa na pale. Mwanya uliobaki kati ya vyuma viwili hunyonya maji na hautoi. Ama ichomelewe mfululizo, ama izibwe kwa silanti ya poliyurethani baada ya rangi.

Neno moja kwa afya ya fundi. Moshi mweupe unaotoka kwenye zinki huleta homa saa kadhaa baadaye, pamoja na kutetemeka na kuumwa viungo, na wengi huidhani malaria. Maziwa hayaizuii. Kinachosaidia ni kuondoa zinki kwa grinda kabla ya kuchomelea, kukaa upande upepo unakotokea, na kuvaa barakoa ya mafusho ya chuma. Ile ya vumbi haitoshi.

Sakafu yetu ya alumini inapiga kelele, "ta! ta!", kila jua linapochomoza na linapotua. Isitoshe, inatoa unga mweupe kwenye miguu yake na chini ya kiyoyozi. Tuliambiwa alumini haishiki kutu.
*Msomaji, Unguja*

Kelele ni mabapa yanayotanuka na kusinyaa huku yamebanwa kila mahali. Fungueni bolti, acheni moja ya katikati, na kwingineko panueni matundu kama tulivyomweleza msomaji wa Mtwapa.

Unga mweupe una sababu mbili tofauti, na zisichanganywe. Miguuni ni saruji. Zege bichi au lililolowa lina ukali wa alkali, kama wa chokaa, na alkali hiyo huivua alumini utando wake unaoilinda. Wekeni kati yake kipande cha plastiki ngumu au raba ya milimita 5, na sehemu ya alumini inayogusana na zege ipakwe rangi ya lami. Chini ya kiyoyozi ni shaba. Maji yanayodondoka kutoka kwenye mabomba ya shaba hubeba chembechembe zake, na zikitua juu ya alumini hutoboa vishimo vyenye kina kama vya sindano. Hamisheni mpira wa maji leo hii, msingoje kupaka rangi. Kwa sababu hiyo hiyo msitumie bolti za shaba wala kuacha sarafu na nyaya juu ya sakafu.

Bolti za kawaida nyeusi nazo ziondoeni. Za A4, ambazo ni sawa na 316, zina molibdenamu asilimia 2 na zaidi. Za A2, sawa na 304, hazina, na kwa hewa ya Unguja zitatoa madoa ya rangi ya chai mapema. Sumaku haiwezi kuwatofautishia hizi mbili. Tazameni herufi zilizogongwa kwenye kichwa cha bolti.

Nilipaka vizuizi vya mabati mapya rangi ya mafuta nzuri na ghali. Baada ya miezi sita inabanduka kama ngozi ya nyoka. Ni rangi mbovu?
*Msomaji, Dar es Salaam*

Rangi si mbovu, imepakwa pasipo pake. Mafuta yaliyomo ndani yake hukutana na zinki na unyevu yakageuka aina ya sabuni, na sabuni haishiki. Hata ukipaka mikono mitano, itabanduka yote pamoja.

Ivue yote. Osha kwa maji ya moto na sabuni, piga msasa mwepesi wa namba 180 ili kung'aa kuondoke bila kula zinki, osha tena. Kisha paka praima ya epoksi iliyoandikwa kuwa inafaa kwa mabati, na juu yake rangi ya poliyurethani. Epoksi peke yake isiachwe juani, kwa sababu hugeuka chaki.

Hewa ndiyo inayoharibu kazi nyingi kuliko brashi. Unyevu usizidi asilimia 85, na chuma chenyewe kiwe na joto la angalau nyuzi 3 juu ya kiwango cha umande. Mfano: hewa ikiwa nyuzi 30 na unyevu asilimia 80, umande hushika kwenye nyuzi 26 hivi, kwa hiyo chuma kiwe na 29 kwenda juu. Alfajiri hakifiki hapo hata kikionekana kikavu. Anza kati ya saa tatu na saa nne asubuhi, na koma saa tisa mchana ili rangi ikaze kabla ya umande wa jioni. Mchana wa joto kali usichanganye epoksi nyingi kwa wakati mmoja, maana kwa kila nyuzi 10 zinazoongezeka muda wake ndani ya kopo hupungua karibu nusu. Na ukiamka ukute utando wa mafutamafuta juu ya mkono wa kwanza, uoshe kwa maji ya uvuguvugu kabla ya wa pili, la sivyo huo wa pili utaachana nao.

Kujua kiasi cha rangi: asilimia ya yabisi kwa ujazo (sehemu ya rangi inayobaki ikikauka) iliyoandikwa kwenye kopo, zidisha kwa 10, gawanya kwa mikroni unazotaka. Rangi ya asilimia 60 kwa mikroni 75 inatoa mita za mraba 8 kwa lita. Toa theluthi kwa hasara ya brashi na fito nyembamba. Kingo na vichwa vya bolti vipakwe kwanza kwa brashi ndogo, peke yake, kwa kuwa rangi hukimbia kwenye kona kali.

Huku kwetu shida ni miguu kuungua. Watoto hawawezi kukanyaga baraza kuanzia asubuhi.
*Msomaji, Muscat*

Rangi nyeusi au kijivu cha kukolea ndiyo adui wenu. Rangi nyeupe ya maziwa au mchanga, isiyong'aa, hupunguza joto sana, lakini kwa jua la Muscat haitoshi bila kivuli. Wekeni turubai lenye kupitisha hewa juu ya sehemu ya kuchezea, na muache nafasi za mabapa wazi ili hewa ipande kutoka chini. Zulia la plastiki msilitandike moja kwa moja juu ya chuma. Linashika chumvi na unyevu chini yake, na mtalikunjua siku moja mkute madoa yaliyokwisha kuchimba.

Je, haya yote yanatuhusu sisi wa ziwani?
*Msomaji, Kisumu*

Sehemu ndogo tu. Ziwa halina chumvi ya bahari, kwa hiyo zinki yenu hudumu mara kadhaa zaidi. Kanuni za mwinamo, matundu ya kutolea maji na saa za kupaka rangi zinabaki vilevile, ila bolti za A2 zinawatosha.

Baraza likishakamilika, nilioshe mara ngapi, na kwa nini? Jirani yangu anatumia dawa ya klorini ya kufulia.
*Msomaji, Nyali*

Mwambie jirani aache. Klorini hiyo inafanya kazi ile ile ya chumvi ya bahari, tena kwa haraka, na hata chuma kisichoshika kutu hakiiwezi. Maji baridi ya mfereji, sabuni laini na brashi ya nailoni vinatosha. Sufuria ikisuguliwa kwa waya wa chuma ni sawa, lakini baraza usiliguse nao, maana nyuzi zinazokatika hubaki juu yake na kuota kutu.

Osha mara moja kwa mwezi, na kila wiki mbili wakati kusi inavuma kwa nguvu na mawimbi yanarusha ukungu. Elekeza mpira kwanza chini ya sakafu, kwenye boriti na vichwa vya nguzo, kisha juu. Masika yakiosha juu, chini bado kunakungoja wewe. Majani ya mwembe na mwarobaini yaliyokwama kati ya mabapa yatolewe kwa kijiti cha mbao, usiyaache yaoze humo.

Mara mbili kwa mwaka, kabla ya masika na baada yake, lala chini na tochi. Tazama mishono, kuzunguka nati, na pale kitako kinapokutana na zege. Unga mweupe juu ya zinki ni onyo, kutu nyekundu ni kazi ya wiki hiyo hiyo. Bolti zijaribiwe kwa spana, na iliyolegea ikazwe bila kubana yale matundu marefu. Doa la rangi lenye ukubwa wa ukucha utalimaliza kwa msasa, maji safi na brashi ndogo kwa nusu saa. Ukiliacha msimu mzima wa kusi, utakuta limetambaa chini ya rangi kwa upana wa kiganja, na sehemu hiyo yote itabidi ikwanguliwe hadi chuma kitupu.